Umeme Ukikatika, Hesabu Ibaki: Jinsi Mashine za Maji na Majokofu ya Chanjo Zinavyotunza Kumbukumbu



Katika ziara za miradi tunakutana mara kwa mara na swali moja. Linaulizwa na watunza hazina, na pia akina mama wanaochota maji: "Umeme ukikatika katikati ya kazi, hela yangu iliyomo ndani ya mashine inakwenda wapi?" Ni swali la haki. Vituo vya maji vya malipo ya kabla vinaongezeka vijijini, na zahanati zetu zinatumia vifaa vinavyorekodi joto la majokofu usiku na mchana. Vyote hivi vina kompyuta ndogo ndani yake, na vyote viko mahali ambapo umeme hukatika. Katika toleo hili tumeona vema tueleze kwa lugha nyepesi namna kumbukumbu zinavyookolewa, ili kamati ijue cha kuuliza kabla ya kupokea mashine, na mfadhili aelewe fedha yake inanunua nini.

Tatizo lenyewe

Tuchukue mfano. Mama mmoja ameweka shilingi 2,000 katika kadi yake ya maji. Ndoo ya lita 20 ni shilingi 50, kwa hiyo ana haki ya ndoo 40. Amekwisha kuchota ndoo 12, zimebaki 28. Anapoanza kujaza ya kumi na tatu, wingu zito linafunika paneli za sola, betri ni chovu, na mashine inazimika. Baada ya nusu saa inawaka tena. Je, itasoma 28? Itasoma 40? Au itasoma sifuri?

Ikisoma sifuri, mama amedhulumiwa. Ikisoma 40, mradi umepoteza, na fedha ya kununua vipuri haitapatikana pampu ikiharibika. Katika hali zote mbili kinachoumia zaidi ni imani ya watu. Mradi wa maji ambao watu hawaamini hesabu yake haudumu: wengine watarudi mtoni, wengine watagoma kulipa, na lawama zote zitamwangukia mhudumu wa kituo ambaye hana kosa.

Mfano wa mashine inayofanya vizuri tunao majumbani. Ni mita ya LUKU. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi uniti zako zipo kama ulivyoziacha. Zaidi ya hayo, mita inakumbuka tokeni ulizokwisha kuingiza, ili zile namba 20 zisiweze kutumika mara ya pili. Kama mita ingesahau kila umeme unapokatika, mtu angeingiza tokeni ya jana kila siku. Kwa hiyo jambo hili linawezekana na limezoeleka. Linahitaji tu mashine iwe imeundwa kwa makusudi hayo.

Kumbukumbu za aina mbili

Kompyuta iliyo ndani ya mashine hizi huitwa maikrokontrola. Ni kompyuta nzima iliyowekwa ndani ya kipande kimoja kidogo kuliko ukucha, au chenye ukubwa wa kidole. Mojawapo iliyoenea sana duniani ni ATmega328P. Inatokana na familia ya AVR, iliyoanzia kwa wanafunzi wawili wa Norwei, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan. Ilitengenezwa na kampuni ya Atmel ya Marekani, ambayo mwaka 2016 ilinunuliwa na Microchip. Tutaitumia kama mfano kwa kuwa vipimo vyake vinajulikana wazi.

Ndani ya kipande hicho kuna kumbukumbu za namna mbili.

Ya kwanza ni RAM, ambayo ndiyo meza ya kazi. Maikrokontrola inaandika na kufuta humo kwa kasi kubwa mno, mamilioni ya mara kwa sekunde. Lakini RAM inashika maandishi kwa nguvu ya umeme unaopita. Umeme ukiondoka, maandishi yanafutika. Ni kama hesabu aliyo nayo karani kichwani. Akizimia, hakuna anayeijua.

Ya pili ni kumbukumbu ya kudumu, ambayo ni kama daftari la karani. Hapa maandishi hushikwa na chembechembe za umeme zilizofungiwa ndani ya tabaka lisilopitisha umeme, na kwa hiyo hubaki hata mashine ikizimwa miaka. Wazo hili lina historia. Mwaka 1971 Dov Frohman wa kampuni ya Intel alitengeneza EPROM, iliyofutwa kwa kuimulika kwa mwanga wa urujuanimno. Baadaye ikaja EEPROM, inayofutwa kwa umeme wenyewe bila kuitoa ndani ya mashine. Mwaka 1984 Fujio Masuoka wa Toshiba akaitangaza kumbukumbu ya flashi, ambayo leo imo katika kila simu.

ATmega328P ina RAM ya baiti 2,048, flashi ya kilobaiti 32 kwa ajili ya programu yenyewe, na EEPROM ya baiti 1,024 kwa ajili ya kumbukumbu. EEPROM hiyo huweza kutunza maandishi kwa miaka 20 hata ikikaa kwenye joto la nyuzi 85.

Je, kwa nini basi mashine isiandike kila kitu moja kwa moja kwenye EEPROM? Kuna sababu mbili. Kwanza, inaandika polepole: baiti moja huchukua takriban milisekunde 3.4. Pili, inachakaa. Mtengenezaji anaidhamini kwa kuandikwa mara 100,000 kwa kila sehemu. Idadi hiyo inaonekana kubwa, lakini mashine inayoandika kila sekunde mahali palepale inaimaliza kwa muda wa saa 28 hivi. Daftari linatoboka kwa kufutwafutwa!

Njia tatu za kuokoa hesabu

Mafundi wanatumia njia tatu, na mashine nzuri huchanganya zaidi ya moja.

*1. Kuandika kwa zamu.* Badala ya kuandika mahali pamoja, mashine inahama ukurasa kila mara. Tuseme kumbukumbu moja ya mauzo ni baiti 16: namba ya kadi, salio, lita zilizotoka, namba ya mfuatano na namba ya uhakiki. EEPROM ya baiti 1,024 ina nafasi 64 za namna hiyo. Kituo kinachouza ndoo 300 kwa siku na kuandika mahali pamoja kitachosha kumbukumbu kwa siku 333, hata mwaka haujaisha. Kikiandika kwa zamu katika nafasi zote 64, muda huo unakuwa zaidi ya miaka 58. Tofauti yote hiyo inatokana na uandishi wa programu. Hakuna kifaa kilichonunuliwa.

*2. Kupewa onyo na akiba ya sekunde chache.* Umeme ukikatika, mashine haizimiki papo hapo ikiwa ina mahali pa kuchota akiba. Mahali hapo ni kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme kidogo kama mtungi unavyohifadhi maji. Mashine inapima umeme unaoingia, na ukishuka chini ya kiwango fulani inaacha kazi nyingine zote, inafunga vali, inazima taa na kioo, na kuandika kumbukumbu yake ya mwisho.

Hapa inafaa kupiga hesabu, maana ndipo mashine nyingi za bei rahisi zinaposhindwa. Tuseme umeme unaingia kwa volti 12, na onyo linatolewa ukishuka hadi volti 10. Baada ya onyo, kapasita ina volti 9 hivi, na kile kipande kinachoipatia maikrokontrola volti 5 kinahitaji angalau volti 7 ili kifanye kazi. Kwa hiyo tuna volti 2 za kutumia. Mashine ikiwa imezima vitu vyote visivyo vya lazima inatumia miliampea 25. Kapasita ya mikrofaradi 2,200 itatupatia:

0.0022 × 2 ÷ 0.025 = sekunde 0.176, yaani milisekunde 176.

Kuandika baiti 16 kwa milisekunde 3.4 kila moja kunahitaji milisekunde 54. Tuna muda zaidi ya mara tatu ya unaohitajika. Ziada hiyo inahitajika kweli: kapasita za namna hii zinaweza kupungua asilimia 20 chini ya namba iliyoandikwa juu yake, na hukauka taratibu kadiri zinavyokaa kwenye joto. Mafundi wana kanuni kwamba kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, umri wa kapasita unapungua kwa nusu. Kisanduku cha bati kilichofungwa juani kinaila mapema.

Jambo moja lisisahaulike. Kati ya mahali umeme unapoingia na kapasita pawepo dayodi, kifaa kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Bila dayodi, pampu na vali vitanyonya akiba ya kapasita kabla maikrokontrola haijaandika hata baiti moja. Vilevile umeme upimwe kabla ya dayodi, siyo baada yake. Vinginevyo onyo litakuja likiwa limechelewa.

*3. Kutumia kumbukumbu ya namna nyingine.* Ipo kumbukumbu iitwayo FRAM, inayoandika kwa kasi inayokaribia ile ya RAM, haipotezi maandishi umeme ukikatika, na inaweza kuandikwa mabilioni ya mara bila kuchakaa. Tangu mwaka 2011 kampuni ya Texas Instruments inatengeneza maikrokontrola zenye FRAM ndani yake. Kwa mashine ya namna hii suala la kuchakaa linakwisha, na muda unaohitajika baada ya onyo unakuwa mfupi sana. Ni ghali kuliko EEPROM kwa ukubwa uleule, lakini kwa kumbukumbu chache kama za kituo cha maji gharama hiyo inabebeka.

Hatari ya kuandika nusu

Mashine inaweza kufanya yote hayo na bado ikaharibu hesabu, endapo umeme utaisha wakati kalamu iko katikati ya mstari. Salio la 28 linaweza kubaki limeandikwa nusu, na asubuhi likasomeka kama namba isiyo na maana.

Dawa yake ni ile ile ambayo watunza hazina wetu wanaijua: usifute ukurasa wa zamani kabla wa mpya haujakamilika. Mashine inaandika kumbukumbu mpya kwenye nafasi nyingine, na jambo la mwisho kuandikwa ni namba ya uhakiki, ambayo hupatikana kwa kupiga hesabu juu ya baiti zote za mwanzo. Inapowaka, inasoma nafasi zote, inazikataa zile ambazo namba ya uhakiki hailingani, na kati ya zilizo sahihi inachukua yenye namba kubwa ya mfuatano. Kwa njia hii hasara kubwa kabisa ni kumbukumbu moja ya mwisho, na salio lililotangulia linabaki salama.

Kuna hatari nyingine ya jirani. Umeme wa vijijini mara nyingi haukatiki kwa mkato mmoja. Unashuka, unapanda, unacheza. Maikrokontrola inayopewa volti pungufu ni kama mtu mwenye homa kali: inaweza kufanya jambo lolote, hata kuandika ovyo kwenye daftari lake yenyewe. Kwa sababu hiyo ATmega328P ina kinga ya ndani inayoweza kuwekwa kwenye volti 1.8, 2.7 au 4.3. Umeme ukishuka chini ya hapo, inashikiliwa isifanye kazi yoyote mpaka umeme utengemae. Kinga hiyo ipo ndani ya kipande tayari, lakini fundi lazima aiwashe. Pia mashine isianze kuuza tena mara tu umeme unaporudi. Isubiri kwanza ione kuwa umekaa sawa.

Nani abebe hasara ya ndoo moja?

Hili ni swali ambalo tunaomba kamati zisimwachie fundi. Mashine ikikata fedha kabla ya kufungua maji, umeme ukikatika mama anapoteza ndoo aliyokwisha kuilipia. Ikikata baada ya ndoo kujaa, mradi unapoteza, na mjanja mmoja atagundua kwamba akichomoa waya ndoo ikikaribia kujaa anapata maji ya bure.

Njia ya haki ni mashine kuandika mambo mawili: kwanza, kabla ya kufungua vali, kwamba "ndoo hii imeanza", kisha, onyo la umeme linapokuja, kwamba "zimetoka lita 13". Umeme ukirudi, mama anarudisha kadi yake na kumaliziwa lita 7 zake. Hakuna aliyedhulumiwa, na mjanja naye hapati kitu. Ikiwa kumbukumbu ya lita imepotea kabisa, maoni yetu ni kwamba hasara iwe ya mradi. Ndoo moja ni shilingi 50 kwa mradi, lakini kwa aliyesimama foleni tangu alfajiri ni chakula cha mchana kuchelewa na safari ya pili. Kamati iamue, iandike katika kanuni za kituo, na ibandike ukutani.

Jokofu la chanjo: kumbukumbu inayohitajika wakati wa giza

Katika zahanati jambo hili ni zito zaidi kuliko fedha. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Joto likizidi, nguvu ya chanjo inapungua. Na baadhi yake, kama ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B, huharibiwa pia na kuganda. Chanjo iliyoharibika mara nyingi haionekani kwa macho. Mtoto atachomwa sindano, kadi yake itaandikwa, na kinga hana.

Ndiyo maana jokofu huwekewa kifaa cha kurekodi joto. Viwango vya Shirika la Afya Duniani kwa vifaa vya siku 30 vinataka kengele ilie joto likikaa juu ya nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au likiwa nyuzi 0.5 chini ya sifuri kwa dakika 60. Sasa fikirini: kama kifaa hicho kinategemea umeme uleule wa jokofu, kitalala usingizi saa zilezile ambazo jokofu linapata joto. Umeme ukirudi kitaanza kuhesabu upya, na asubuhi muuguzi ataona kila kitu ni kizuri. Kwa kifaa cha namna hii hata kuokoa hesabu ya mwisho hakutoshi; kinatakiwa kiwe na betri yake chenyewe, kiendelee kupima gizani, na kitunze rekodi katika kumbukumbu ya kudumu ili betri ikiisha yaliyopimwa yabaki.

Mambo ya kuuliza kabla ya kupokea mashine

Tunazishauri kamati zimuulize muuzaji maswali haya, na majibu yaandikwe katika muhtasari wa kikao:

(a) Salio na lita zinatunzwa kwenye kumbukumbu ya aina gani, na imedhaminiwa kuandikwa mara ngapi?

(b) Kwa mauzo ya kituo chetu kwa siku, itachakaa baada ya miaka mingapi?

(c) Onyo la umeme linatolewa kwenye volti ngapi, na mashine ina milisekunde ngapi za kuandika baada ya hapo?

(d) Kumbukumbu iliyoandikwa nusu inatambuliwaje?

(e) Kinga ya umeme pungufu imewashwa?

(f) Kapasita na betri ndogo ya saa vinabadilishwa baada ya muda gani, na fundi wa hapa anaweza kuvipata?

Muuzaji anayeijua mashine yake hatakasirika kwa maswali haya.

Kisha lifanyike jaribio, na lifanyike mbele ya watu. Wekeni salio linalojulikana kwenye kadi. Chomoeni waya wa umeme mara 20, kila mara katika hatua tofauti: kabla ya ndoo, katikati, inapokaribia kujaa, na mara tu baada ya kujaa. Kila mara andikeni salio lililosomeka kabla na baada. Mara nyingine rudisheni umeme na kuukata tena haraka, ili kuiga umeme unaocheza. Salio likipotea hata mara moja, mashine isipokelewe mpaka irekebishwe. Jaribio hili halihitaji fundi wala kifaa. Linahitaji kadi, ndoo, kalamu na nusu siku. Tunapendekeza lirudiwe kila mwaka, kwa sababu kapasita inazeeka ingali inaonekana nzima.

Neno kwa wafadhili wetu

Ninyi mnaochangia, mara nyingi mnaona katika bajeti vitu vinavyoonekana kwa macho: kisima, tangi, bomba, paneli. Mkikuta pia mstari mdogo wa vifaa vya kudhibiti na majaribio ya kupokea mashine, tunaomba msiuone kuwa ni ziada. Kapasita, dayodi na kipande cha kumbukumbu ni vitu vya bei ndogo sana ukilinganisha na kuchimba kisima. Lakini hivyo ndivyo vinavyomhakikishia mama mwenye ndoo 28 kwamba kesho bado zitakuwa 28, na vinavyomwezesha muuguzi kukataa chanjo iliyoharibika kabla haijamfikia mtoto.

Kamati zitakazofanya jaribio la kuchomoa waya katika robo hii tunaziomba zituletee karatasi za matokeo kupitia ofisi za majimbo, yawe mazuri au mabaya. Tutayakusanya ili usharika mmoja ujifunze kwa mwingine, na wale watakaonunua mashine mwakani wajue mahali pa kuanzia.